Kikao cha Kibara Kabla Sijafika

Nilikwenda mkoani Mara kwa sababu msimamizi wangu wa masomo alinikataza kujua. Nilikuwa nimempelekea pendekezo la utafiti kuhusu chanja za kukaushia dagaa, zile meza ndefu za nguzo na wavu ambazo miradi imewajengea akina mama wa ukanda wa ziwa ili dagaa wasianikwe mchangani. Chanja zipo, na dagaa wanaanikwa mchangani vilevile. Sababu yake nilikuwa nimeieleza kwa ukurasa mzima: uelewa mdogo wa walengwa. Nilishafika hadi kwenye mapendekezo, kwamba elimu itolewe. Mara kwenyewe sikuwa nimekanyaga.

Msimamizi wangu ni mama mpole ambaye upole wake unatisha. Alinirudishia karatasi zangu akasema, "Majibu nimeyaona. Swali liko wapi?"

Akaniagiza nitumie njia ambayo kwa Kiingereza huitwa grounded theory, nasi darasani tumezoea kuiita nadharia ya kuanzia chini. Kwa kawaida mtafiti huondoka nyumbani na nadharia yake tayari, akaenda kuipima kwa watu. Kwa njia hii unaondoka mikono mitupu. Unawasikiliza watu na kuwatazama, unayapa majina madogomadogo yale wanayoyasema na kuyatenda, unalinganisha la huyu na la yule, na unachokipata leo ndicho kinachokuonesha wa kumfuata kesho. Nadharia inaota humo humo, kama itaota. Ukianza kusikia yale yale kila unakokwenda, wenyewe husema data imeshiba, na hapo unafunga kazi.

Nawaandikia ninyi wenzangu wa Njombe mlionisindikiza stendi mkidhani nakwenda likizo. Sikwenda likizo. Jopo la chuo lilikuwa limeshaniahirisha mara moja, na mwenyekiti wake aliniambia wazi kwamba nikirudi bila nadharia iliyotoka kwa watu, masomo yangu yamekwisha. Ningerejea darasani kwangu kufundisha maendeleo ya jamii huku jamii yote ya chuo chetu ikijua kwamba sikuendelea.

Musoma nilifika mchana, basi la kutoka Mwanza likatuteremsha stendi ya Bweri na bajaji ikanipeleka mjini. Mji umeingia ziwani kiasi kwamba ukipotea njia, unatembea kidogo tu unakuta maji, unageuka. Nilikula sato. Kwetu samaki hufika akiwa amechoka. Huyu asubuhi ile bado alikuwa na mipango yake. Nilimla kwa heshima.

Kesho yake nilikwenda kuomba kibali cha kuingia vijijini. Afisa niliyemkuta alikuwa kijana wa shati lililopigwa pasi vizuri, mwenye adabu, na alisoma karatasi zangu zote, jambo ambalo halinitokei mara nyingi.

"Mwalimu, nadharia tete yako sijaiona," alisema.

"Sina."

"Umesahau kuiandika?"

"Hapana. Njia ninayotumia hairuhusu kuwa nayo."

Akazifunua tena karatasi, labda nyuma kulikuwa na kitu. "Sasa unakwenda kutafuta nini?"

"Nitajua nikikipata."

"Mama yangu," alisema taratibu, "mimi ndiye ninayeruhusu mtu aende kijijini. Ikipigwa simu nikaulizwa huyu mama anatafuta nini, nijibu atajua akikipata?"

Nilikubali kwamba ana hoja. Tulikaa tukitazamana, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma. Mwishowe aligonga muhuri, na kwa wema wake mwenyewe akasema nikishaamua kijiji nimjulishe, atawapigia simu ili nisifike kama mtu aliyedondoka. Atawaambia tu mgeni wa chanja anakuja. Nilimshukuru kwa dhati. Mpaka leo nadhani yule kijana ni mtumishi mzuri, na simu ile iliniharibia kila kitu.

Sokoni Mwigobero, karibu na maji, nilimpata mtu wangu wa kwanza, Mama Nyangeta, anayeuza dagaa kwa kopo na kwa ndoo. Nilimuuliza kama wateja wake wanajali dagaa ameanikwa wapi.

"Wa mchanga anauzika, wa chanja anauzika," alisema akipepeta. "Mteja anaonjaga, anatema mchanga, ananunua."

"Na wanaoanika, wao wanasemaje?"

"Mimi naletewaga tu. Hii yote imetoka Kibara. Nenda kaulize Kibara."

Hivyo ndivyo njia ya kuanzia chini inavyofanya kazi. Mtu wa kwanza amekutuma kwa wa pili. Nikamjulisha afisa kwamba ni Kibara, nikafunga begi.

Kutoka Musoma hadi Bunda barabara ni nzuri na haina hadithi. Bunda nikapanda mchomoko, gari dogo la abiria linalosubiri kujaa ndipo liondoke, na kwa kuwa nilikuwa wa kwanza nilipata muda wa kula mahindi ya kuchoma na kupitia maswali yangu. Maswali yenyewe yalikuwa moja: hapa kunaendelea nini? Dereva alinitazama kwenye kioo akaniuliza kama mimi ndiye mgeni wa chanja. Nilishangaa, kisha nikafurahi kwamba mapokezi yameandaliwa. Nikamwambia ndiyo. Akawaambia wenzake nje, "Ndiye," na wao wakaitikia kwa vichwa.

Kibara nilipokewa na Mama Masatu, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaokausha dagaa. Ni mama wa umri wa kuitikia shikamoo bila kufikiri, mwenye mikono mikubwa, na anaongea polepole mithili ya mtu anayemwamuru mtoto ashuke mtini. Alinipa chumba kwake, maji ya kuoga, na ugali wa muhogo kwa furu, visamaki vidogo vya mifupa mingi ambavyo nilivila kwa muda mrefu sana. Kisha akanipeleka mwaloni, mbele tu ya nyumba yake, pale mitumbwi inaposhushia mzigo, nikaziona chanja.

Zilikuwa nzuri. Nguzo zimenyooka, wavu umekazwa, na chini pamefagiliwa. Juu yake hapakuwa na dagaa hata mmoja. Hatua chache pembeni, mchanga mzima uling'aa kwa dagaa.

"Leo tumezipumzisha," Mama Masatu alisema kabla sijauliza.

Siku iliyofuata zilikuwa zimepumzishwa pia. Nilipouliza, aliniambia chanja zinachokaga.

Nikaanza mahojiano. Mama wa kwanza alinipa mambo matatu: kwamba dagaa wa chanja ni wasafi, kwamba bei yake ni nzuri, na kwamba wanaomba ziongezwe. Mama wa pili alinipa mambo matatu: usafi, bei, ziongezwe. Wa tatu aliyasema kwa mpangilio huo huo, na wa nne pia, akimeza mate mahali pale pale. Jioni niliketi nikayapa majina. Niliandika "usafi", nikaandika "bei", nikaandika "kuomba", na kila nikifungua mahojiano mapya nilikuta yameshajipanga yenyewe. Katika masomo yangu sijawahi kuona data yenye nidhamu kama ile. Swali la kwa nini wanaomba ziongezwe wakati zilizopo zinapumzika lilinipitia kichwani, nikaliacha lipite. Nilikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hapendi kusumbuliwa.

Nikamtumia msimamizi ujumbe: "Data imeshiba."

Akajibu: "Imekula nini?"

Nilidhani ni utani.

Asubuhi iliyofuata nilikaa na Nyabwire, mama mdogo mchangamfu ambaye alikuwa akisafisha karai huku akinijibu. Alisema chanja zinafanya dagaa kuwa safi. Alisema bei ni nzuri. Kisha akakunja uso, akamgeukia jirani yake aliyekuwa akianika pembeni.

"Mama Magesa, la tatu tulisema nini?"

"Waongeze," Mama Magesa akajibu bila kuinua kichwa.

"Eeh, waongeze," Nyabwire akaniambia, akaendelea kusugua.

Kinasa sauti changu kilikuwa kinaendelea. Nilimuuliza waliyasema wapi.

"Kikaoni," alisema, kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza upande gani.

Nilikwenda kwa Mama Masatu nikiwa na joto usoni. Alikuwa anapepeta unga, na hakuona aibu yoyote, kwa sababu kwake hapakuwa na la kuonea aibu. Alinivutia kigoda.

"Mwalimu, kaa. Zamani alikujaga mtu kama wewe, ana makaratasi, anauliza. Kila mmoja akamwambia lake. Huyu anasema wavu unachanika, huyu anasema mume amekataa, huyu anasema hivi, kesho anasema vile. Yule mtu alichanganyikiwa. Alikaa hapa, akakaa, malaria ikampata, tukamuuguza, akaondoka hajamaliza. Ilituuma sana. Mtu ametoka kwao, ana familia. Tukasema hapana. Sasa tukisikia mgeni anakuja, tunakaa kikao. Tunamwandalia maneno yake, akifika anayakuta. Anamaliza mapema, anarudi kwao salama."

"Hata mimi mlinikalia kikao?"

"Wewe tulikukalia mara mbili," alisema kwa upole. "Tuliambiwa ni mwalimu."

Nilizunguka nyuma ya jiko nikalia kidogo, mahali ambapo moshi ungebeba lawama. Nililia kwa ajili ya mahojiano yote yale, kwa ajili ya jopo, na kwa ajili ya malaria ya yule mtu nisiyemjua ambaye kumbe alikuwa ndiye pekee aliyewahi kupata data Kibara. Kisha nikampigia msimamizi wangu.

"Nimedanganywa," nilimwambia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Hukudanganywa. Umepokewa," alisema. "Sasa hicho kikao ndicho data yako. Wewe ulifuata chanja. Fuata mapokezi. Nani mwingine hupokea wageni wengi?"

Swali hilo nililipeleka kwa Mama Masatu kama lilivyo. Hakufikiri hata kidogo. Alisema Butiama, kwa sababu kule wageni hawajawahi kukatika, na kila Mtanzania anajua ni kwa nini: ndiko kwao Baba wa Taifa. Alikuwa na rafiki yake kule, Mama Wambura, waliyefahamiana kwenye kwaya za kanisa. Akampigia simu mbele yangu, na safari hii nilimwomba asiseme natafuta nini. Ilikuwa rahisi, maana hata mimi sikuwa na hakika.

Butiama nilikwenda kwa kurudi Bunda, kisha kushuka Makutano kwenye barabara ya Musoma na kupanda bodaboda. Hewa inabadilika ukianza kuingia kwenye vilima. Mawe makubwa yamesimama juu ya mengine, ng'ombe wanapita katikati yake bila haraka, na hakuna anayeonekana kuhofia kwamba jiwe litadondoka. Kwa mtu wa Njombe ilikuwa faraja kuhisi ubaridi kidogo, ingawa wenyeji waliuita baridi na mimi nilinyamaza.

Mama Wambura ni mkulima na mfugaji, mjane, mpenda watu, na anajua kuringa kwa vitu vyake. Alinipa maziwa mgando kwenye kibuyu, kisha akanitembeza nyumba nzima bila kuombwa. Jikoni kwake nilikuta majiko banifu matatu, yale ya kupunguza kuni, yote yamepakwa majivu na kusuguliwa mpaka yanapendeza. Moja lilikuwa limefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Hili la mradi," alionesha. "Hili la wanafunzi wa chuo. Hili sijui la nani, walileta siku sipo."

Chakula kilikuwa kinachemka kwenye mafiga matatu, nje kidogo, chini ya paa la nyasi.

"Mama, haya hupikii?"

"Napikiaga. Wenyewe wakija."

"Wasipokuja?"

Alinitazama kwa namna ya kunihurumia. "Mwalimu, mtu amekupa kitu kizuri. Ukikitumia kila siku, kinachakaa. Akirudi akikuta kimechakaa, si atasema hukumthamini? Mimi nataka akija akute kitu chake kipo, kinang'aa, amekaa, ameridhika. Kuni ninazo."

Akaniingiza sebuleni tunywe chai. Alifungua kabati la vioo, akatoa kikombe chenye ukingo wa dhahabu, akakifuta vumbi kwa upindo wa kanga. Yeye akamiminia ya kwake kwenye kikombe cha bati. Chai yangu ilikuwa na harufu ya kabati.

Hapo nilikaa nikakitazama kile kikombe mpaka akaniuliza kama kimeingia mdudu. Mama yangu mzazi ana seti ya vikombe kama vile, na sisi wanawe hatujawahi kuvinywea. Tukipata homa tulikuwa tunatumaini. Havikuwa vibaya, wala hatukukosa uelewa wa namna ya kuvitumia. Vilikuwa vya wageni. Na chanja za Kibara, zimefagiliwa chini, wavu umekazwa, zinapumzika. Na maneno matatu, yamefutwa vumbi, yanatolewa mgeni akija. Niliweka chai chini. Kwa mara ya kwanza tangu nianze masomo, wazo lilikuwa limenijia bila mimi kulitafutia mahali pa kulipachika.

Siku zilizobaki Butiama nilikwenda nyumba kwa nyumba, nikiwa mgeni wa Mama Wambura tu. Nilionyeshwa choo cha mfano chenye kufuli, ufunguo ukiwa kwa mwenye nyumba. Nilionyeshwa mzinga wa kisasa wa nyuki uliokuwa barazani, nyuki wenyewe wakiwa kwenye gogo shambani. Nikaandika kwenye kumbukumbu zangu: vitu vya kabatini. Nikalinganisha, nikapanga, nikaandika tena. Nadharia ilikuwa hivi: jamii inayopokea misaada mingi huitunza misaada hiyo kwa ajili ya aliyeitoa, na majibu kwa watafiti ni sehemu ya vyombo hivyo vya wageni. Niliisoma kwa sauti chumbani, nikaipenda.

Kibara nilirudi nikiwa mtu mwingine, angalau machoni mwangu. Njia hii inataka mtafiti awarudishie wenyewe alichokipata, waseme kama ndivyo. Nikamwomba Mama Masatu awakusanye wanakikundi, nikawasomea nadharia yangu kwa Kiswahili chepesi, pamoja na kikombe na kabati. Walisikiliza kwa utulivu. Nilipomaliza nikawauliza wanaonaje.

"Mwalimu," Mama Masatu alisema, "tupishe kidogo."

Nilitoka nje nikakaa na kuku. Ndani nilisikia minong'ono, kikohozi, kisha kimya cha watu waliokwisha kupatana. Wakaniita.

"Tumekaa," alisema Mama Masatu, "na wote tumekubali. Ni kweli yote uliyosema. Tunakushukuru."

Wote wakaitikia kwa pamoja kwamba ni kweli. Kinasa sauti kilinasa kila sauti. Nami nilisimama pale mlangoni nikiona jengo langu likiporomoka, maana nadharia yangu yenyewe ndiyo iliyosema kwamba watu hawa wangemkubalia mgeni chochote. Ningewasomea bei ya saruji, wangekubali. Kama nilikuwa nimekosea wangesema ni kweli, na kama nilikuwa sahihi wangesema ni kweli. Nilijisikia mpweke kuliko siku ile ya nyuma ya jiko.

Jioni ile walinichinjia kuku wa kuniaga. Walipika vizuri sana, wakaimba wimbo wa kanisani, wakaniombea safari. Nilikula nilichopewa, nikawashukuru.

Asubuhi ya kuondoka nilibeba begi hadi mwaloni kumuaga Mama Masatu, gari likiwa bado halijajaa. Mitumbwi ilikuwa imerudi na mzigo mwingi. Mama Masatu alinitazama, akatazama dagaa, akanitupia karai.

"Weka begi. Shika huku."

Hakuna aliyewahi kunituma kitu Kibara. Nilivua viatu nikaanza kumwaga na kutandaza mchangani, vibaya, na Mama Magesa akanisukuma kwa kiuno akanionesha. Tulipofika katikati ya mzigo, Nyabwire alisema bila kunitazama, "Mwalimu, yale maneno yako ya jana. Kabati. Mimi kwangu kabati sina."

Nilisimama na karai mkononi.

"Wala sijawahi kuwa na kikombe cha wageni," aliendelea. "Mgeni akija tunagawana kilichopo. Sasa mimi naingiaje hapo?"

"Lakini jana ulikubali," nilisema.

"Jana ulikuwa mgeni."

"Na leo?"

"Leo si tumeshakuaga?" alidakia Mama Magesa. "Kuku umekula. Mgeni wetu ameshaondoka. Wewe hapa unaanika."

Basi pakafunguka. Mama Magesa alisema shida ya chanja ni yangeyange, yale mandege meupe, ambayo chanja imeyawekea meza ya kulia yakiwa yamesimama. Mwingine akasema hapana, ndege wapo hata mchangani, shida ni kwamba chanja ni za kikundi, na kwenye chanja dagaa yako inachanganyika na ya mtu, jioni mnatazamana vibaya. Mama Masatu akasema huo ni uongo, watu wa Kibara hawatazamani vibaya. Wawili wakamtazama vibaya. Nyabwire akasema yeye angeanika kwenye chanja tangu zamani, ila zimejengwa mbele ya nyumba ya mwenyekiti, na mtu hawezi kumwaga maji ya dagaa mlangoni kwa mtu mzima. Mama Masatu akasema hajawahi kulalamika. "Ndiyo maana hatuwekagi," Nyabwire akajibu. Mwingine akaniambia kwamba zinatumikaga vizuri sana, kwenye misiba, kuanikia masufuria. Walikatizana, walicheka, mmoja akaondoka amenuna akarudi kuchukua ndoo yake akaendelea kubishana. Nadharia ya kabati ilibaki na watu wawili wanaoitetea, na hao nao waligombana wenyewe kwa wenyewe.

Gari lilijaa likaondoka, nililisikia. Kinasa sauti kilikuwa ndani ya begi, kimezimwa, na mikono yangu ilikuwa na magamba mpaka kwenye viwiko. Sijapata kufurahi hivyo kazini. Nilipanda gari la baadaye nikinuka, na abiria wa pembeni yangu alifungua kioo hadi mwisho.

Njiani kurudi, kuanzia Bunda hadi Mwanza, nilipiga hesabu zangu kimyakimya. Mfukoni nilikuwa na nadharia safi yenye jina zuri, na sauti za wanakikundi wote wakiithibitisha. Jopo lingeipenda. Upande wa pili nilikuwa na mabishano ya asubuhi moja, yasiyonaswa popote, niliyoyaandika garini kwa mwandiko wa mtu anayerushwa na matuta. Ya kwanza ingenipitisha. Ya pili ingeweza kunirudisha Njombe moja kwa moja. Niliogopa, na nilikuwa bado naogopa siku nilipoingia chumba cha jopo.

Mwenyekiti aliniuliza kama data imeshiba.

"Hapana," nilisema. "Nilidhani imeshiba, kumbe ilikuwa imenawa mikono tu."

Nikawasimulia kila kitu: maneno matatu, majiko, kabati, kukubaliwa kwangu, na mwalo wa asubuhi ile. Niliwaambia kwamba nilichojifunza ni kidogo. Mtafiti anayesikia jibu moja kila mlango ajiulize kwanza yeye anaonekanaje mlangoni. Na watu hawamwambii mtu kwamba amekosea mpaka awe wa kwao, na kuwa wa kwao kunachukua muda ambao ratiba ya utafiti haina mahali pa kuuandika. Msimamizi wangu aliangalia dirishani. Mwenyekiti akaniomba niwapishe kidogo.

Nilikaa kwenye korido. Safari hii hapakuwa na kuku.

Waliponiita walisema wamejadiliana na kukubaliana kwa kauli moja. Sijapita, na sijakataliwa. Nirudi Kibara, nikae muda wa kutosha, nilete yale mabishano yote. Nilimtazama kila mmoja usoni kutafuta anayepinga, sikumpata, nikawashukuru.

Nje ya lango la chuo nilimpigia Mama Masatu nikamwambia nakuja tena, na kwamba sitapitia kwa afisa kumwomba apige simu, kibali bado ninacho.

"Karibu," alisema. Nyuma yake nilisikia makarai na watu wakibishana. "Sasa mwalimu, tujue mapema. Unakuja mgeni?"

"Hapana mama. Kuku nilishakula."

 Nikamsikia akigeuka na kuwapazia sauti wenzake, "Ni yule wetu. Kikao hakuna."